Alama Zilizogoma Kufutika

Mimi sina hasira. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wana midomo, na siku nikimpata anayeeneza maneno hayo tutaelewana tu.

Kazi yangu ni ile ambayo mama mpaka leo hajui aiiteje mbele ya majirani. Kila asubuhi, kabla ya chai, naingia chumba cha panya, nawainua majike mmoja mmoja kwa mkia, nachungulia kama jana walikutana na dume. Jike aliyepandwa hubaki na kizibo kidogo cheupe, kigumu kama nta, na kizibo hicho hakidumu. Ukichelewa kuamka kimeshadondoka na habari imekupita. Ukikiona, unajua mimba imeanza leo. "Kwa hiyo unalipwa kwa umbea," baba aliniambia nilipomweleza mara ya kwanza. Nikamwambia ndiyo, tena umbea wenye shahada mbili.

Nawataka watoto wa panya wakiwa bado tumboni, wenye umri ninaoujua barabara, kwa sababu ndani yao mna seli za uzazi, zile zitakazokuja kuwa mayai au mbegu za kiume. Seli hizi zina haraka ya ajabu. Mtoto mwenyewe hana vidole, hana masikio, ukimtazama hujui ni dume au jike, na mwili wake umeshatenga seli za kumpatia watoto. Yaani mama hajazaa, mjukuu ameshawekewa nafasi.

Baba ni fundi bomba, na ndiye aliyenipa neno la kuielezea kazi hii. Nilimwambia kila seli mwilini ina jeni zile zile, iwe ya ini, ya jicho au ya ukucha. Akakuna kichwa. "Sasa mbona jicho halioti kucha?" Nikamwambia jeni nyingine zimefungwa na nyingine zimefunguliwa, kuna alama ndogo za kemikali zinazobandikwa juu yake, na alama hizo ndizo zinazosema hii isomwe, hii inyamaze. "Aa, koki!" akasema. "Mabomba ni yale yale, koki ndizo zinapishana." Tangu siku hiyo mimi nasema koki, hata mbele ya Profesa, mkuu wa maabara yetu, ambaye hukunja uso kidogo lakini huvumilia.

Seli za uzazi zikishafika mahali pake ndani ya kijusi, hufanyiwa usafi mkubwa. Alama zilizotoka kwa baba na mama hufutwa, karibu zote, halafu baadaye zinabandikwa mpya, za kiume kama kijusi ni dume na za kike kama ni jike. Usafi huo ndio ninaousoma. Nazitafuta seli hizo kwenye hadubini na kuzinyonya kwa mdomo kupitia mrija wa kioo mwembamba kama unywele, na mrija huo huziba. Unaziba hasa siku ambayo umepata seli nzuri. Basi hapo maneno hutoka yenyewe: "Wewe mjinga wewe! Umeona leo ndiyo siku ya kuziba? Unaziba kwa faida ya nani?"

Maneno hayo ni ya baba, neno kwa neno. Nimekulia chini ya masinki ya watu, nimemshikia tochi huku akiyagombeza mabomba, na sikujua kama kuna namna nyingine ya kufanya kazi. Profesa amebandika karatasi mlangoni kwangu: TAFADHALI, PANYA WANASIKIA. Sijaitoa. Hiyo peke yake inaonyesha mimi si mtu wa hasira.

Mchumba wangu ni mpima macho. Hadubini iliniharibia macho, nikaenda kwake, nikagombana na ubao wa herufi. Nilisema ile ya mstari wa chini si herufi, ni uchafu, na aliyeitengeneza hana adabu. Yeye akangoja nimalize, kisha akauliza kwa upole, "Na hii ya juu yake, unaionaje?" Mtu wa namna hiyo ukimpata humwachi. Nikifoka ananiletea maji.

Tatizo ni shangazi yake. Mchumba wangu alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na huyo shangazi, na bila baraka zake haoi. Mimi mwenyewe sitaki aoe bila baraka zake. Mtu aliyekulea humtupi kama maganda. Shangazi alikuwa hakimu, amestaafu, ila ustaafu haujamwingia mwilini. Aliposikia kwamba baba yangu ni yule fundi bomba anayeitwa Kiberiti, aliweka kikombe mezani na kusema, "Namjua."

Alimjua vizuri. Zamani, mimi nikiwa mtoto, baba alifunga choo kipya katika nyumba ya mama mmoja, na kabla saruji haijakauka akaking'oa. Akakibeba begani mchana kweupe, akatoka nacho barabarani. Mimi nilikuwa nyuma yake na tochi, imewaka, sijui kwa nini sikuizima. Akashtakiwa, na hakimu alikuwa huyo huyo Shangazi. Akamuuliza kwa nini amefanya vile. Baba akasema sababu ni yake. Akaulizwa tena. Akajibu kwamba mahakama ile ina bomba linalovuja kwenye korido tangu asubuhi na hakuna aliyeliuliza kwa nini. Akalala ndani kwa kudharau mahakama. Alipotoka kesho yake, alipitia kwenye lile bomba la korido, akalirekebisha bila kuombwa, akaenda zake.

"Siingizi damu ya Kiberiti kwenye ukoo wangu," Shangazi alimwambia mchumba wangu. "Watoto watazaliwa wakigombana na mkunga." Lakini kwa kuwa ni mtu wa haki, akasema hatoi hukumu bila kusikiliza upande wa pili. Jumamosi atakuja kunywa chai kwetu.

"Mbona jambo lenyewe jepesi?" mama aliniambia jikoni. "Mwambie ukweli. Mwambie si baba yako wa damu, yaishe."

Na ni kweli tupu. Aliyenizaa aliondoka nikiwa tumboni, hakuacha hata picha. Kiberiti alimwoa mama nikiwa natambaa. Sote watatu tunalijua hilo na hakuna anayelitamka. Neno "kambo" halijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile.

"Silisemi," nikasema.

"Utakosa mume kwa ajili ya neno moja?"

"Mama, silisemi! Yeye akilisikia kinywani mwangu…" Nikashindwa kumaliza. Nilikuwa naiona sura yake, na sikutaka kuiona.

"Haya, bingwa. Utamwambia nini huyo hakimu?"

"Nitamweleza habari za seli za uzazi. Alama zinafutwa, mama. Hata kama mtu ana baba mkali kama pilipili, seli zinasafishwa kabla hazijafika kwa mtoto. Ni sayansi."

Mama alinitazama vile ninavyowatazama panya, akaendelea kufuta sahani.

Baba nilimpa maagizo mawili: atabasamu, na anyamaze. "Nikifungua mdomo nikatwe ulimi," akaapa. Jumamosi alivaa shati lake la harusi za watu, akachana nywele kwa maji, akakaa kwenye kiti amenyooka kama anapigwa picha ya kitambulisho. Shangazi alipoingia na mchumba wangu, baba alisimama wima, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kaa tu, hapa si mahakamani," akasema Shangazi. Mama akamvuta baba shati, akakaa.

Shangazi alikuwa mwembamba, miwani puani, mkoba mapajani. Kabla ya chai aliomba kunawa mikono. Akaenda, akakawia kidogo, akarudi akijifuta kwa leso.

"Bomba lenu linavuja," akasema.

Mungu wangu. Ndani ya nyumba ya fundi bomba! Nikauona mshipa wa shingoni mwa baba unasimama. Ukapanda mpaka karibu na sikio. Mama akashika kiti. Mchumba wangu akanisogezea glasi ya maji, kumbe amekosea mtu.

"Nitaliangalia, Mheshimiwa," akasema baba, na meno yote yakaonekana.

Nikaona nisingoje zaidi. Nikasukuma vikombe katikati ya meza, nikaanza. Hiki ni baba, hiki ni mama, sukari ni alama. Nikaeleza koki, nikaeleza seli zinavyosafiri ndani ya kijusi, nikaeleza usafi. Nikamwaga sukari yote kwenye sahani kuonyesha jinsi alama zinavyoondoka, nikakigeuza kikombe juu chini. Nilikuwa vizuri siku hiyo, nasema bila haya. Hata mama, ambaye hajawahi kunielewa, alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo, Shangazi, mtoto anaanza na karatasi safi. Hasira za babu hazimfikii."

Shangazi alikuwa amesikiliza bila kupepesa. "Alama zinafutwa."

"Zinafutwa."

"Zote?"

Na hapo ndipo nilipojimaliza. Mfanyabiashara angesema zote. Mwanasiasa angesema zote na chenji ibaki. Lakini mimi nimefundishwa kazi na watu ambao ukisema "zote" wanakuuliza umehesabu lini, na mdomo ukajibu kabla ya akili.

"Karibu zote."

"Karibu zote si zote."

"Kuna vipande vichache vinaponyoka," nikasema. Mchumba wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Sikujali, hata yeye anajua ukiniuliza habari za vipande hivyo utakesha. "Ni ajabu kweli, Shangazi! Kuna panya, ndugu wa tumbo moja, jeni zao zile zile, lakini mmoja wa kahawia na mwembamba, mwenzake wa njano na mnene kama mto. Ni koki moja tu, kwa mmoja imefungwa na kwa mwingine imeachwa wazi. Na alama za pale hazifutiki vizuri, kwa hiyo mama wa njano huelekea kuzaa watoto wengi zaidi wa njano kuliko…"

Nikayasikia niliyokuwa nasema.

"Endelea, binti," akasema Shangazi. "Mama wa njano anazaa wa njano. Kwa hiyo kitu cha mzazi kinaweza kupenya."

"Rangi na unene, si tabia! Na ni panya, si watu! Kwa binadamu hakuna aliyethibitisha kwamba hasira zinapita kwa njia hiyo."

"Yuko aliyethibitisha kwamba haziwezi kupita?"

Niliitafuta njia ya kutokea. Niliitafuta kwenye dari, niliitafuta kwenye sukari.

"Hayupo," nikasema.

"Sina swali zaidi," akasema Shangazi, akachukua biskuti.

Mama alifumba macho. Nilitamani kuingia ndani ya kile kikombe kilichogeuzwa. Miaka yote ya kuinua panya mikia, na nimeipoteza ndoa yangu kwa neno "karibu"!

Shangazi akaumega ile biskuti lakini hakuila. "Nikuambie kitu, binti. Wewe sina ugomvi nawe, na maelezo yako ni mazuri. Mimi hasira haziniogopeshi. Nimekaa mahakamani, nimeziona za kila rangi. Inayoniogopesha ni hasira isiyo na sababu. Huyu mzee alikiharibu choo cha watu. Nikamuuliza sababu, akakataa. Nikamuuliza tena nikiwa tayari kumwacha aende, akakataa. Mpaka leo sijui. Mtu anayewaka hivyo bila sababu, nitamwachiaje wajukuu?"

Sababu hata mimi sikuwa naijua; ya siku ile nakumbuka tochi tu, maneno sikuyakumbuka. Kila nilipomuuliza, baba alisema choo kilikuwa kibovu.

"Mheshimiwa, naomba kusema," akasema baba.

Nikataka kumkumbusha ulimi wake, lakini alikuwa hanitazami. Alikuwa anaitazama mikono yake, ile mikono ambayo haitakati hata kwa mafuta ya taa.

"Siku ile nilikuwa namfundisha huyu kukaza nati. Alikuwa anaweza, mdogo hivyo. Yule mama mwenye nyumba akasimama mlangoni, akacheka. Akasema, fundi, unajisumbua bure, mtoto wa kambo haji kuwa wako, akikua atamfuata mwenyewe. Na mtoto yuko pale pale, kashika tochi. Basi. Nikasema choo changu hakiwezi kubaki kwenye nyumba ile."

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza Shangazi.

"Ningekuambiaje, na yeye amekaa benchi la nyuma na mama yake? Nilitamke tena neno lile alisikie mara ya pili?" Akainua kichwa. "Leo nalitamka. Huyu mimi sikumzaa. Damu yangu hana hata tone. Kama ni damu ndiyo inayowazuia, basi haizuii tena. Muozesheni kijana."

Baba yangu sijawahi kumsikia akizungumza taratibu vile, na sikuipenda sauti ile hata kidogo. Ilikuwa kama ya mtu anayekabidhi vifaa vyake.

"Kumbe," akasema Shangazi. Akaweka biskuti chini. "Basi mambo yamekuwa mepesi. Damu ni nyingine kabisa."

"Nilisema mimi," mama akanong'ona. "Nilisema tangu jikoni."

"Mepesi nini?"

Aliyepiga kelele hiyo ni mimi. Nilikuwa nimeshasimama, kiti kimeanguka nyuma yangu.

"Mepesi nini, Shangazi? Huyu ni baba yangu! Unaziona hizi hasira? Ni zake! Sikuziokota barabarani, nimezitoa kwake, moja baada ya nyingine, chini ya masinki ya watu! Natukana mrija kama yeye, nabamiza mlango kama yeye, nikiona kitu kimeharibika siwezi kupita bila kukirekebisha kama yeye! Hiyo damu nyingine mimi siijui, haijawahi hata kuniuliza nimekula nini. Sayansi yangu ikisema sikumrithi, basi sayansi yangu ina kazi ya kufanya! Kama ukoo wenu hautaki moto wa Kiberiti, basi haunitaki mimi, na chai imekwisha!"

Machozi yalikuwa yananitoka na yalinikasirisha zaidi. Baba alikuwa amekodoa macho, mdomo wazi.

Mchumba wangu akasimama. Tangu nimjue sijawahi kumwona akisimama ghafla. "Shangazi," akasema, "mimi namtaka hivi hivi alivyo. Alinigombeza siku ya kwanza, na siku hiyo hiyo nikamtaka. Wewe ndiye uliyenilea, na nakuomba usinichagulishe."

"Kaeni chini," akasema Shangazi.

Tukakaa. Hata mama, ambaye hakuwa amesimama, alijisogeza akakaa vizuri zaidi.

Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Limebaki jambo moja la utaratibu. Sisi tumekuja nyumba hii kuomba mke. Anaombwa kwa baba. Sasa mzee amekiri mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba si baba. Tumwombe nani? Tumtafute huyo wa damu, popote alipo, tukamwombe yeye?"

Meza ilipigwa ngumi moja. Vikombe viliruka, maziwa yakamwagika, sukari ya alama ikatapakaa mpaka mlangoni.

"Mumtafute nani?" Baba alikuwa juu ya miguu yake, mshipa wa shingoni umesimama kama bomba la inchi. "Mumtafute nani, nasema! Huyu alipougua surua, huyo wa damu alikuwa wapi? Nani alimfundisha baiskeli, akaanguka naye mtaroni? Nani alikaa nje ya chumba cha mtihani na koti la mvua? Huyu ni binti yangu! Anaombwa kwangu! Anaombwa hapa, kwenye meza hii, na mimi! Na asiyetaka kuniomba mimi, mlango ni ule pale, awe Mheshimiwa asiwe Mheshimiwa!"

Maziwa yalikuwa yanachuruzika kutoka ukingoni mwa meza, yanadondokea sketi ya Shangazi. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha vikombe. Nilijua imekwisha, na kwa mara ya kwanza wiki nzima sikuwa na wasiwasi wowote.

Shangazi akatoa leso kwenye mkoba, akajifuta sketi bila haraka.

"Ungeniambia hivyo siku ile," akasema, "nisingekulaza ndani hata dakika moja."

Kisha akakigeuza kiti chake mpaka akawa anamkabili baba uso kwa uso, akaunganisha mikono mapajani. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mchumba wangu aliniambia baadaye kwamba ndiyo sauti aliyokuwa akimwamshia shule.

"Haya, mzee mwenzangu. Tunakuomba binti yako."

Baba akavuta pumzi. Akanitazama mimi. Akamtazama mchumba wangu, akaanzia viatu, akapanda polepole mpaka nywele, akashuka tena mpaka viatu. Akakaa, akanyoosha shati.

"Nitafikiria," akasema.